Mwalimu Nyerere na Mlango wa Chuo Kikuu

Mtu atokaye sokoni Kariakoo akielekea mjini hukuta kwanza Barabara ya Lumumba, kisha uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakati wa utawala wa Waingereza barabara ile iliitwa New Street, na uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya kupunga upepo tu. Ulikuwa mpaka. Upande wa bahari walikaa Wahindi katika nyumba za ghorofa na maduka yao, na mbele yao zaidi, penye miti na bustani, walikaa Wazungu. Upande wa bara walikaa Waafrika, katika mtaa uliopewa jina la wapagazi wa Carrier Corps wa vita ya 1914 hadi 1918, ambao vinywa vya wenyeji viliwafanya Kariakoo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: mji mmoja, vipande vitatu, na kila kipande kilikuwa na shule zake. Serikali ilitumia fedha nyingi kwa mtoto wa Kizungu, kiasi kwa mtoto wa Kihindi, na kidogo kabisa kwa mtoto wa Kiafrika.

Hapo mpakani, katika jengo la chama cha TANU, tarehe 25 Oktoba 1961, Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake cha kwanza. Zilibaki siku 45 tu kufikia Uhuru. Wanafunzi hawakufika hata 15, nao wote walisoma sheria. Wachukuzi wa sokoni waliopita na mikokoteni yao barabarani waliweza kuwaona wakiingia na vitabu kwapani. Tunatumaini msomaji ataishika vema picha hiyo, maana mambo mengi yaliyofuata katika habari hii yanatoka ndani yake: chuo kikuu kilichozaliwa Uswahilini, katika nyumba iliyojengwa na chama ambacho wengi wa wanachama wake hawakupata kumaliza hata shule ya msingi.

Aliyehimiza chuo kifunguliwe mapema hivyo, wakati wataalamu walipokuwa wakishauri kungoja miaka kadhaa, alikuwa Waziri Mkuu, Julius Kambarage Nyerere. Watu wamekwisha kuandika mengi juu yake kama Rais na kama mpigania uhuru. Kazi yake moja hutajwa kwa nadra. Kwa miaka 22 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu: kwanza cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, tangu 1963, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kisha cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu kilipojitegemea tarehe 1 Julai 1970 hadi alipong'atuka mwaka 1985. Katika nchi nyingi cheo hicho ni cha heshima tu. Mwenye nacho huvaa joho mara moja kwa mwaka, huwatunukia vijana shahada, hula chakula cha mchana na kwenda zake. Yeye hakukichukua hivyo. Swali lililomshughulisha ni nani aingie chuoni na nani abaki nje, na kwa haki gani. Jibu alilolitoa liliwaumiza wengi, hata sisi Wakatoliki, na yafaa tulisimulie bila kuficha.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mgaya Nyang'ombe, aliyekuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, ambayo Waingereza waliianzisha hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Tangu utoto basi alijua kwamba kiti cha darasani hakigawiwi kwa akili peke yake. Ndugu zake wangapi wa Kizanaki, wenye akili kama yake, walibaki wakichunga mbuzi kwa sababu baba zao hawakuwa watemi?

Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, katika misheni ya Nyegina, mwaka ule ule alioingia Makerere. Huko Makerere aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akitumia hoja za Mwingereza John Stuart Mill, nayo ikampatia tuzo. Kijana wa miaka 22 aliyelelewa katika boma lenye wake zaidi ya ishirini, akikaa chini kuandika kwamba mwanamke amenyimwa haki yake: jambo hilo lastahili kutazamwa mara mbili. Alijua alichokuwa akikiandika, kwa kuwa alikuwa amekiona nyumbani kwa mama yake.

Alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Mapadre Weupe, tangu 1946 hadi 1949. Kisha akaenda Edinburgh, akarudi na shahada mwaka 1952. Mapadre wa Roho Mtakatifu, Waairishi, wakamwajiri katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, kilometa 20 hivi kutoka mjini. Mwezi Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige.

Hapa ndipo Kariakoo inapoingia maishani mwake. Siku ambazo hakuwa na vipindi alishuka kutoka Pugu, mara nyingi kwa miguu, kuhudhuria mikutano ya chama cha Waafrika, TAA, kilichokuwa na ofisi yake New Street. Wenyeji wake mjini walikuwa hasa Waislamu. Abdulwahid Sykes, msimamizi wa soko la Kariakoo, alimfungulia nyumba yake, naye alikuwa kiongozi wa chama kabla ya Mwalimu kuchaguliwa mwezi Aprili 1953 katika ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Dossa Aziz alimsaidia kwa mali na kwa gari. Baadaye alikuja Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa vyama vya ngoma aliyesoma madarasa machache tu, lakini aliyeweza kuwakusanya wanawake wa mji kwa maelfu. TANU yenyewe ilizaliwa New Street tarehe 7 Julai 1954.

Tufikiri kidogo juu ya watu hao. Mwalimu alikuwa na shahada ya Edinburgh. Wao, pamoja na busara yao na fedha zao na vikundi vyao, wengi walikuwa wamefungiwa mlango wa masomo makuu. Sababu ilikuwa wazi. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache, na sehemu kubwa ya zilizokuwako zilikuwa za misheni. Mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mtoto wake huko, asije akabadilishwa dini. Waislamu wa Dar es Salaam walikuwa wamejenga shule yao ya Al-Jamiatul Islamiyya, lakini shule moja ya mtaani haiwezi kuziba pengo la nchi nzima. Kwa hiyo kijana aliyetoka katika nyumba zilizomlea Mwalimu kisiasa hakuwa na njia iliyo sawa na ya kijana wa Pugu. Mwalimu alikula chakula katika nyumba hizo. Aliliona pengo hilo akiwa amekaa mkekani.

Mwezi Machi 1955, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa huko New York, ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi Pugu. Alirudi Musoma kwa miezi kadhaa bila mshahara, akajipatia riziki kwa kumfundisha lugha padre mmoja wa Maryknoll. Habari hiyo ndogo tumeipenda, maana yaonyesha kwamba Mwalimu hakukosa wa kumfundisha hata alipokosa shule.

Alipokamata serikali alikwenda mbio. Mwaka 1961, mbali na chuo kikuu cha Lumumba, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari, Kigamboni. Hicho kilifuata mfano wa Chuo cha Ruskin kule Oxford, na Bibi Joan Wicken, Mwingereza, alifanya kazi kubwa ya kukitafutia fedha. Kivukoni hakikuuliza cheti cha darasa la kumi na mbili. Kilimpokea mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi, karani, mwanachama wa ushirika, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kikamfundisha uchumi na historia na utawala. Mwaka 1962 shule za rangi tatu ziliunganishwa, zikawa shule za nchi. Mwaka 1964 karo ya shule za sekondari za serikali na zilizosaidiwa na serikali ilifutwa. Mwanafunzi aliyefika chuo kikuu alilipiwa na umma masomo, malazi na chakula. Mwaka 1964 pia chuo kikuu kiliondoka Lumumba kikahamia kilimani, nje ya mji, mahali ambapo hadi leo watu husema tu Mlimani.

Ndipo lilipotokea jambo asilolitazamia. Watoto wa maskini walipopanda kilima, baadhi yao walisahau walikotoka. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wote wa vyuo na wa kidato cha sita waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki wakifanya kazi zao kwa sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966, wakiwa wamevaa majoho ya chuo, waliandamana hadi Ikulu, wakampa masharti yao, na bango moja likadai kwamba wakati wa mkoloni hali ilikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza. Kisha aliwajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, na papo hapo akapunguza wake kwa asilimia 20. Halafu akawafukuza wote, wanafunzi karibu 400, wa koleji ya Mlimani na wa vyuo vingine vya mjini. Polisi wakawasindikiza makwao.

Tuseme nini juu ya siku hiyo? Chuo kilibaki nusu kitupu. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, baada ya kukaa vijijini na wazazi wao. Wapo wasomi ambao hadi uzeeni walikumbuka tukio hilo kwa uchungu, wakisema kwamba waliadhibiwa na mtu aliyekuwa baba, hakimu na mwendesha mashtaka kwa wakati mmoja. Wana haki yao. Lakini mchukuzi wa Kariakoo, aliyelipa kodi ili mwana wa mwenzake asome bure, alikuwa na swali lake, na siku ile kulikuwa na mtu mmoja Ikulu aliyeliuliza kwa niaba yake. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, lilitoka Azimio la Arusha, na mwezi Machi ule ule kikatoka kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba shule inayomtayarisha mtoto mmoja kupanda na kuwahesabu tisa waliobaki kuwa wameshindwa si shule ya taifa huru.

Sasa twafika mahali panapotuhusu sisi kwa karibu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilitwaa shule zilizokuwa zikisaidiwa kwa fedha zake, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ya Kanisa Katoliki. Seminari ziliachwa. Nyingine zilikwenda, pamoja na madawati, mabweni na mashamba yaliyolimwa na mabruda na masista kwa miaka hamsini. Shule mbili alizofundisha Mwalimu mwenyewe hazikupona. Mtakatifu Maria ya Tabora ikaitwa Milambo. Mtakatifu Fransisko ikawa Shule ya Sekondari Pugu. Mtu aliyehudhuria Misa karibu kila siku ya maisha yake aliichukua shule ya mapadre waliompa kazi alipokuwa hana kitu.

Wazazi wengi wa Kikatoliki walisononeka, nao hawakuwa na ubaya moyoni. Walikuwa wametoa michango, ndizi, kahawa na nguvu zao kujenga shule hizo. Tena si uongo kwamba katika shule kadhaa nidhamu na usafi vilishuka baada ya wenyewe kuondoka. Wapo waliomhesabu kuwa msaliti. Lakini mtu aliyeulizwa atazame upande wa pili wa Mnazi Mmoja angeliona jambo jingine. Mlango wa Mlimani ulipitia sekondari, na mlango wa sekondari ulipitia misheni. Basi mtoto wa Mwislamu alipaswa kupita milango miwili isiyo yake kabla ya kuufikia wa tatu. Chuo kikuu kingeweza kutangaza kila mwaka kwamba hakibagui dini ya mtu, na tangazo lingekuwa la kweli, na bado madarasa yangejaa Wakristo watupu. Mwalimu alielewa kwamba haki ya chuo kikuu haiwezi kutengenezwa chuoni. Hutengenezwa chini, katika darasa la saba. Kwa sababu hiyo alichukua kwetu.

Je, alifaulu? Si kwa kadiri aliyotaka. Idadi ya Waislamu Mlimani iliendelea kuwa ndogo kwa muda mrefu, na manung'uniko juu ya jambo hilo hayajakwisha hata sasa. Tungekuwa wanafiki tukiyapuuza. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawiwa pia kwa mafungu ya mikoa, ili watoto wa Kilimanjaro na wa Bukoba, ambako shule zilikuwa nyingi tangu zamani, wasizichukue zote. Mtoto wa Moshi aliyepata alama nzuri aliachwa, na wa mkoa mwingine mwenye alama za chini akachukuliwa. Wazazi wa Kilimanjaro walijibu kwa kujenga shule zao wenyewe kwa michango, na pengo likafunguka tena kwa njia nyingine. Tena serikali ilizuia sekondari zisiongezeke haraka, ikisema fedha ziende kwanza kwa shule za msingi. Kwa hiyo Tanzania, iliyosifiwa duniani kwa kufundisha watu kusoma, ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zenye vijana wachache kabisa katika sekondari. Kosa hilo ni lake, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa makosa yake.

Chuo kikuu chenyewe alikigeuza kwa nguvu zaidi mwaka 1974. Mwezi Novemba wa mwaka huo chama kilikutana Musoma, kikaamua mambo mawili makubwa: kwamba kila mtoto apate shule ya msingi ifikapo 1977, na kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, kisha aombe, akiwa na barua za sifa kutoka kwa mwajiri wake na tawi la chama. Shabaha ilikuwa nzuri. Mwalimu wa shule ya kijijini, mganga msaidizi, karani wa soko, watu ambao zamani wakikosa nafasi wakiwa na miaka 20 walikuwa wameikosa milele, sasa waliona njia. Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani ukaanza kukaliwa na watu wenye mvi kidogo na watoto nyumbani, wakibishana na profesa kwa mambo waliyoyaona kwa macho yao. Hata hivyo barua ya tawi la chama ilikuwa kitu cha hatari. Mwenyekiti wa tawi aliyekuwa na kinyongo aliweza kumfungia kijana njia, na mtu asiyependa kuinamisha kichwa alikuwa na sababu ya kuogopa.

Walioumia zaidi ni wale aliowaandikia insha akiwa kijana. Msichana aliyemaliza kidato cha sita akaambiwa angoje miaka miwili kazini, katika miaka hiyo aliolewa, akapata mtoto, na mume hakukubali kumwachia aende Dar es Salaam kwa miaka mitatu au minne. Hesabu ya wanawake waliojiunga ilianguka ghafla. Amri iliyotungwa ili kuwaingiza waliosahauliwa iliwatoa nje wasichana wachache waliokuwa wameufikia mlango. Kwa sifa yake, kosa hilo halikuachwa likae. Mwaka 1976 wasichana waliruhusiwa tena kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Twajiuliza kama katika kikao cha Musoma, kati ya wanaume wengi waliopiga makofi, kulikuwa na mtu aliyefikiri juu ya jambo hilo kabla ya kupitisha. Mkuu wa Chuo alipaswa kulifikiri kuliko wote.

Wakati huo huo elimu ya watu wazima ilipamba moto. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wake. Wakati wa Azimio, zaidi ya watu wazima sita katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilihesabu kwamba waliobaki ni kama mmoja katika kumi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokulia ndani ya chuo kikuu kabla ya kujitegemea mwaka 1975, iliendesha kwa redio kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na watu milioni mbili hivi wakakaa vikundi vikundi nchini kote kusikiliza, kusoma na kuchimba vyoo. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya chuo kikuu, hata kama hakuna aliyepewa joho kwa ajili yake. Na soko jipya la Kariakoo lilipofunguliwa mwaka 1975, lile lenye paa la miavuli ya zege, mchoraji wake alikuwa Mwafrika wa Tanzania, Beda Amuli. Watu wazima wa mtaa ule waliweza kukumbuka wakati ambapo Mwafrika katika kazi ya ujenzi wa mji alikuwa mbeba zege tu.

Hatukusema bado juu ya mwezi Machi 1978. Wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, na safari hii walikuwa wakitetea maneno ya Mwalimu mwenyewe: walipinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu. Walizuiwa, wakapigwa, na mamia wakafukuzwa chuoni, ingawa baadaye wengi walirejeshwa. Mwaka 1966 alikuwa amewafukuza vijana kwa kutaka makuu. Mwaka 1978 walifukuzwa vijana waliowakataza wakubwa kutaka makuu. Tumejaribu kuipatanisha miaka hiyo miwili, hatukuweza. Yawezekana kwamba mtu akiwa mkuu wa nchi na mkuu wa chuo kwa pamoja, mkuu wa nchi ndiye anayeshinda siku ya maandamano.

Aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki katika hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani tarehe 23. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri, na kwa hiyo sasa Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Mwaka ule ule wa 2005 chuo cha Kivukoni kilipewa jina la Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Bado kipo pale pale Kigamboni. Mwanafunzi atokaye Kariakoo hupanda daladala hadi Magogoni, kisha huvuka maji kwa pantoni, amesimama kati ya baiskeli, magunia na wachuuzi, mkoba wa vitabu ukiwa kifuani asije akaibiwa.